Albadiri ya Paka Mweupe

Mimi sipendi paka. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani nilikuwa na mapenzi ya ajabu na wanyama. Paka anakula chako, analala kwako, na ukimwita anakutazama kama mjumbe aliyekuja kukagua choo. Sukari hakuwa wangu. Alikuwa wa marehemu mama, na mama alipofariki akabaki kwa baba. Mimi niliporudi nyumbani kutoka kwenye ndoa iliyonishinda, nilimkuta humo pamoja na vyungu na vinu, nikamvumilia.

Mwaka wa sabini na nne, mwezi wa nane, vijana wa operesheni walifika Kwemvumo na lori. Tulikwisha kuambiwa tuhame, sote twende tukakae kijiji kimoja karibu na barabara ya Korogwe, na baba yangu, Mzee Sadala, alikuwa amesema atahama baada ya kuvuna muhogo. Muhogo haukungojwa. Vitu vilipakiwa asubuhi moja: vitanda, kinu, mahindi kidogo yaliyokuwapo, na baba mwenyewe juu ya magunia. Sukari alipoona watu wengi alikimbilia uvunguni mwa ghala akagoma kutoka. Mimi ndiye niliyesema tumwache, tutakuja kumchukua. Lori lilipoanza kuondoka, kijana mmoja alichomeka moto kwenye paa letu la makuti ya mwaa ili tusiwe na pa kurudi. Baba aliutazama ule moto mpaka kona ya njia ikaufunika.

Tangu siku hiyo hakusema. Si kwamba alinuna, kununa ningekujua, mimi mwenyewe ni bingwa wa kununa. Alikuwa anakaa mbele ya kibanda chetu kipya ameelekea upande wa Kwemvumo, anakula matonge mawili, ananawa. Mwili ukaisha. Swali alilonipa lilikuwa moja, kila asubuhi: "Sukari yuko wapi?" Nami namjibu, "Yupo, baba," wakati sijui kama yupo au ameliwa na fisi.

Baada ya mwezi na nusu nikachoka. Niliona wazi kwamba baba anakufa, na kwamba hakuna dawa ya zahanati itakayomtoa pale alipoketi. Nikamwambia, "Kesho nakwenda kumleta paka wako."

Aligeuka. Akaongea maneno mengi kuliko ya mwezi mzima. "Usimbebe mkononi. Mtie kwenye gunia, ulifunge, asione njia hata kidogo. Paka akiiona njia atairudia. Na usilifungue mpaka uwe ndani na mlango umefungwa."

Hivyo ndivyo kwetu paka anavyohamishwa, na kila mtu analijua hilo. Magunia yetu yote yalikuwa yameshonwa kuwa kuta za kibanda, kwa hiyo asubuhi nikapita kwenye banda la shamba la kijiji, yanapowekwa majembe, nikachukua gunia tupu lililokuwa pembeni. Ndani lilikuwa na vumbi jeupe. Nikajua ni la unga. Nikalikung'uta kwenye nguzo mara mbili tatu, nikalitia begani, nikaondoka. Nilikuwa na haraka, jua lilikwisha kupanda.

Kwemvumo ilikuwa majivu na miti iliyosimama. Niliita "nyau, nyau" kwa sauti ya mama, nikijiona mjinga, mtu mzima anaita paka kwenye mahame. Akatokea kwenye mafiga ya jiko letu. Mbavu zilikuwa zinahesabika, sikio moja limeungua, mguu wa nyuma una kidonda kilichooza, jicho linatoka usaha, na ule weupe wake wote umekuwa kijivu kwa majivu. Alikuja moja kwa moja akajisugua kwenye mguu wangu. Nililia. Nilimtukana pia, nikamwambia amenitembeza saa tatu, lakini nililia.

Nikamtia kwenye gunia, nikafunga kwa kamba ya mkonge, nikambeba kichwani mpaka nyumbani. Njia nzima alikuwa anajipindua humo ndani na kulia.

Baba alifunga mlango mwenyewe. Nilipofungua kamba Sukari akatoka akipiga chafya, manyoya yamejaa vumbi, hujui lipi jivu na lipi nini. Nikataka kumwosha. Baba akakataa: "Paka haogeshwi, Mwaija. Atajisafisha." Akampakata. Sukari akaanza kujilamba, kifua, miguu, mgongo, mkia, taratibu, hakuacha mahali. Baba akawa anamweleza habari za kijiji, nani jirani yetu, nani mwizi, kisima kiko wapi. Alikula sahani nzima ya ugali akaomba nyingine. Nilifurahi siku hiyo kuliko siku niliyoolewa.

Kesho yake mchana niliona masikio ya Sukari yanacheza. Halafu ngozi ya mgongoni ikawa inatembea yenyewe. Kifuniko cha sufuria kikilia, anaruka. Nilimsafisha kidonda kwa maji ya chumvi, nikampa kichwa cha dagaa, akakinusa akakiacha. Siku ya pili kutwa yake alikuwa anatembea upande upande, anaanguka, anainuka.

Baba alisema ni sumu, na dawa ya sumu ni maziwa. Lakini maziwa yatoke wapi mwaka ule? Mvua ilikuwa imekataa, watu wanachimba mizizi porini. Katika jirani zetu mmoja tu alikuwa na mbuzi wa maziwa: Paulina, Mshambaa wa upande wa Bumbuli, aliyeshuka na mumewe Simeo kutafuta ardhi, nao wakazolewa na operesheni kama sisi. Simeo alikuwa anakata mkonge kwenye shamba kubwa huko Korogwe, anakuja mara moja kwa mwezi. Mbuzi yule alikuwa kwa ajili ya binti yao Raheli, wa miaka mitatu, tumbo kubwa, miguu vijiti.

Nilikwenda na kikombe, uso nimeuinamisha kwa aibu. Paulina hakuuliza mara mbili. Alijaza nusu.

"Chukua, dada. Raheli leo atakunywa uji."

Sukari aliyanywa yote. Kabla ya adhuhuri akaanguka dege. Miguu ikanyooka, kichwa kikarudi nyuma, povu likamtoka mdomoni. Tukadhani maziwa hayakutosha. Kesho yake nikaenda kwa Paulina tena, na Paulina akatoa tena, safari hii huku Raheli analia mlangoni. Dege likaja mara nne.

Nilimwuguza yule paka jinsi sijawahi kumwuguza mtu. Nilitundika kanga mlangoni mwanga usimguse. Nilikwenda nyumba hadi nyumba kuwaomba wanawake watwangie mbali, na Shida, jirani wa upande wa pili, alinicheka waziwazi: "Watu wanakufa njaa, Mwaija, wewe unamnywesha paka maziwa!" Nilimwambia akatwangie kwao alikozaliwa. Nilimdondoshea Sukari maji kwa kijiko pembeni mwa mdomo. Lilipokuja dege nilimshika kichwa kwa kitambaa asijigonge, na moyo wake ulikuwa unakimbia kwenye kiganja changu mpaka nikaona uchungu. Baba alikaa kando amemshika mguu mmoja, anamwita jina. Usiponielewa hapa hutanielewa mbele: sikuwa namwuguza paka. Nilikuwa namwuguza baba.

Siku ya tano nilidandia lori la mkaa alfajiri nikaenda Handeni. Bwana mifugo alikuwa anaishi Chanika, hapo hapo mjini, akiitwa Habakuki, mtu wa miwani. Nilimkuta anakunywa chai kavu.

"Shikamoo, bwana mifugo."

"Marahaba. Ng'ombe au mbuzi?"

"Paka."

Nilikuwa nimejiandalia jibu la kumjibu akicheka. Hakucheka. Aliniuliza anafanyaje, nikamweleza.

"Ngozi inacheza yenyewe? Akisikia kishindo anashtuka?"

"Ndiyo."

"Mmempaka dawa ya wadudu? Ile DDT ya unga, wanayotia kwenye mahindi shambani?"

"Hatuna hiyo dawa."

"Amelala mahali penye unga mweupe?"

Nikasema hapana. Halafu nikasema, "Nilimbeba kwenye gunia. Lakini lile lilikuwa gunia la unga wa kula."

"Unga gani?"

"Mweupe."

Aliweka kikombe chini. "Dada, tangu lini mwaka huu wewe umeona unga mweupe?"

Unga wa mwaka ule ulikuwa wa njano. Wote. Ulikuja kwa meli, tukauita yanga, tukausonga na kuulalamikia kila siku ya Mungu. Nilikuwa nimeshika unga wa njano kwa mikono hii hii jana yake. Na lile banda la shamba la kijiji halikuwahi kuwekwa chakula, lilikuwa la majembe, mbegu na dawa. Nilikaa chini kwenye udongo bila kukaribishwa.

"Mtu hata akiigusa anaweza asione kitu," Habakuki alisema, kwa upole, na upole wake uliniudhi. "Paka anajilamba. Ameila yote. Nenda umwogeshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, mweke gizani, pawe kimya. Na msimpe mafuta wala maziwa. Yale mafuta ya maziwa ndiyo yanaipeleka sumu mwilini."

"Maziwa amekunywa siku mbili."

"Basi nenda upesi," alisema.

Nilipofika kijijini ilikuwa alasiri. Njiani nilikuwa nimejifunza maneno: baba, ni mimi, ni lile gunia, sikujua. Nilimkuta baba amesimama. Amevaa kanzu. Pamoja naye walikuwa Mwalimu Mbaruku wa chuo cha Kurani na balozi wa nyumba kumi.

"Mwaija," baba akasema, "nimejua. Ni sumu."

Nikafungua mdomo niseme yale niliyojifunza.

"Ilikuja kwenye maziwa," akaendelea. "Kabla ya maziwa alikuwa anatembea. Alipokunywa, akaanguka. Tukampa tena, akaanguka mara nne. Na Shida amemsikia yule mwanamke akisema paka wetu anakunywa chakula cha mwanawe."

"Baba, bwana mifugo amesema..."

"Bwana mifugo alikuwapo? Nyumba yangu walichoma, nikanyamaza. Kwa hili sinyamazi. Simtaji mtu. Nitasoma albadiri, kitabu chenyewe kitamtafuta. Na aliyemfanyia Sukari hivi, hata angekuwa damu yangu, mimi naye basi, hapa na mbele ya Mungu."

Asiyejua albadiri na ajue: ni kisomo cha kumwapiza mkosaji ambaye hajulikani. Hutangazwa kwanza siku tatu, ili aliyefanya ajitokeze aombe radhi. Asipojitokeza husomwa, na baada ya hapo akipatwa na ugonjwa, kifo au wazimu, watu hawaulizi.

Nilifunga mdomo. Nitasema ukweli: niliogopa. Sikuwa na mume, sikuwa na nyumba, nilikuwa na baba tu, na huyo baba alikuwa amesimama kwa mara ya kwanza tangu Kwemvumo. Hasira ilikuwa imemwinua pale chakula kiliposhindwa. Nikisema, nampoteza. Nisiposema, kitasomwa juu yangu. Nikajiambia ngoja kwanza nimwokoe paka. Paka akipona, hakuna kisomo.

Nilimwambia bwana mifugo ameagiza aogeshwe, na baba akakubali. Nilimpeleka nyuma ya kibanda kwenye karai. Alikuwa mwepesi mno. Nilipompaka sabuni maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele, halafu kijivu. Nilimwaga, nikatia mengine. Nilipoanza mara ya pili alinyooka, akaning'ata kidole gumba mpaka mfupani, akakaa hivyo. Nilingoja aachie. Baadaye nikaelewa kwamba amekwisha kufa, nikayafumbua meno yake kwa kijiti.

Baba alimfunga katika kipande cha kanzu yake nyingine tukamzika ubavuni mwa kibanda. Balozi akatangaza siku tatu.

Siku ya kwanza nilimwendea baba wakati anakula, nimeamua. Alikuwa anamaliza sahani, akaanza kunieleza jinsi mama alivyomwokota Sukari sokoni, mdogo wa kukaa kwenye kata ya kuchotea maji. Alicheka. Nikamwacha amalize, na alipomaliza sikusema. Siku ya pili nilikwenda kwa Paulina. Alikuwa anachambua majani ya mboga, Raheli amelala mapajani mwake.

"Paka anaendeleaje, dada?"

"Amekufa."

"Pole sana. Na sisi tulisema labda maziwa yatamsaidia."

Alikuwa bado hajui kwamba watu wanamtazama yeye. Ndivyo inavyokuwa ukiwa mgeni, habari yako unaipata wa mwisho. Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama nataka kitu. Nikasema hapana. Siku ya tatu nilifua nguo zote, hata zilizokuwa safi.

Ijumaa baada ya sala wanaume walikaa kwenye mikeka mbele ya kibanda, ubani ukafuka, na sisi wanawake tukakaa ndani nyuma ya kanga ile ile niliyotundika kuzuia mwanga. Mwalimu Mbaruku aliuliza kwa mara ya mwisho, kama yupo anayejua lolote aseme sasa. Watu wakageuza macho kwenye mlango wa Paulina, uliokuwa umefungwa. Kisha akasoma. Kwa Kiswahili akaomba: aliyefanya, na anayejua akaficha, Mungu amwonyeshe. Wanaume wakaitikia.

Nami nikaitikia. Nilisema "Amina" kwa sauti, kwa sababu Shida alikuwa ameketi ubavuni mwangu, angeshangaa nikinyamaza.

Nilingoja. Kila tumbo likikata nilijua ndiyo hiyo. Nikijikwaa, nikiona nyoka, nikiota ndoto. Kidole kilichong'atwa kilivimba, nikafurahi, nikasema naam, nianzie hapa. Kikapona. Nilikula, nikalala, nikanenepa hata, wakati wa njaa.

Mwezi wa kumi na mbili surua iliingia kijijini. Zamani nyumba zetu zilikuwa mbalimbali, ugonjwa ulichoka njiani. Sasa tulikuwa tumepangwa mistari, mlango kwa mlango. Watoto tisa walikufa. Wa kwanza alikuwa Raheli. Na kwa kuwa alikuwa wa kwanza, kijiji kizima kikajua. Wale wanane waliofuata walikuwa wa surua. Raheli alikuwa wa albadiri. Kwenye mazishi yake tulihesabika kwa vidole, na kisimani wanawake walimwachia Paulina nafasi pana, ndoo zao wanazisogeza. Nilikuwa mmoja wao. Sikusogeza ndoo, lakini sikusogea karibu pia.

Alikuja kwetu wiki mbili baadaye, asubuhi, peke yake. Alikuwa na kuku mikononi, jike, wa mwisho aliyekuwa naye. Mbuzi aliuzwa kwa ajili ya maziko. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," baba akasema.

Paulina akapiga magoti kwenye udongo. "Mzee Sadala, mimi sijui nilifanya nini. Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Labda kikombe kilikuwa na kitu. Labda nilinung'unika moyoni nilipomwona mwanangu analia, sikumbuki. Kama nilikosa, nisamehe. Nina mwingine tumboni."

Kisha akaniangalia mimi. "Dada Mwaija, wewe ulikuwapo nilipokamua. Uliniona natia kitu?"

Baba pia akanigeukia. Walikuwa wananitazama wote wawili, na maneno niliyojifunza njiani kutoka Handeni yalikuwapo yote, hata moja halikupotea.

"Mungu ndiye anayejua," nikasema.

Paulina akainamisha kichwa, akakitikisa polepole, kama mtu aliyepata jibu. Baba aliinuka pale alipoketi. Halafu akamwinua kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia, "Nimekusamehe, mwanangu. Kwa moyo mmoja. Zaa salama." Alikuwa na machozi. Nadhani siku hiyo ndiyo alipopona kabisa, na aliishi miaka kumi na moja zaidi, mtu wa maneno mengi na mikutano, akipendwa na kila mtu. Paulina alilia kwa shukrani akaondoka nyuma nyuma kwa heshima.

"Mwaija," baba akasema, "mchukue huyo kuku. Mwombe Mwalimu amchinje, tule."

Nikamchukua. Akachinjwa. Nikamnyonyoa, nikamkatakata, nikamchemsha na chumvi na kitunguu kimoja kilichokuwapo, nikasonga ugali wa njano. Tulikuwa hatujaona nyama tangu tuhame. Baba alinipa paja, akasema mwanangu umehangaika sana mwaka huu, kula. Nikala.